Wino wa Buluu Upande wa Jicho

Nyumbani kwao kulikuwa na kabati la vioo, na ndani yake hamkuwa na vikombe wala sahani za wageni kama kwa watu wengine. Mlikuwa na mawe ya mizani ya shaba, tisa kwa idadi, kuanzia lile la kilo mbili mpaka lile dogo la gramu tano ambalo mtoto angeweza kulimeza. Yalikuwa ya marehemu baba yao, mkaguzi wa vipimo sokoni. Kwa miaka thelathini na moja mzee yule alizunguka kwenye mabanda akikagua mizani za wachuuzi, na aliyekutwa amechonga jiwe lake, hata awe ndugu wa damu, mizani yake iliondoka na mzee. Watu walimwita Mzee Mizani. Baadaye nyumba nzima ikaitwa kwa Mizani, na watoto wakasoma, wakaajiriwa, wakaoa na kuolewa kwa jina hilo. Mtu akisema, "Huyu ni wa kwa Mizani," hakuna aliyeuliza swali la pili.

Binti wa pili wa nyumba hiyo alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali kubwa, kwenye chumba kidogo kilichopakana na chumba cha upasuaji wa ngozi. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Mume alikwishatangulia mbele ya haki, watoto walikuwa na miji yao, naye alikuwa amerudi kukaa na mama yake mzazi, wazeeke pamoja, kama alivyopenda kutania. Kazini walimwita Mama Wembe.

Kazi iliyompa jina hilo ilikuwa hivi. Mtu mwenye saratani ya ngozi, hasa usoni, hakatwi pande kubwa akaambiwa nenda nyumbani usubiri majibu. Daktari mpasuaji humchonga kipande chembamba chenye umbo la kisahani, humfunga bandeji, kisha humwambia akae kwenye benchi. Kipande hupitishwa kwenye kidirisha kwa Mama Wembe. Yeye hukitia wino kingoni, rangi hii upande huu na rangi ile upande ule, hukilaza, hukigandisha kwenye mashine ya baridi mpaka kiwe kigumu kama jiwe, halafu hukikata kwa wembe vipande vyembamba kuliko unywele. Huvibandika kwenye vioo, huvitia dawa ya rangi, humpelekea daktari. Daktari huinamia hadubini akakagua ukingo wote. Akiona ugonjwa umegusa mahali, hutazama wino, hutazama ramani aliyochora kwenye karatasi, kisha hurudi kwa mgonjwa na kukata pale tu penye ugonjwa. Duru ya pili, ya tatu, hata ya nne, mpaka ukingo uwe safi. Ni kazi ya kutwa nzima. Lakini mtu hutoka na pua yake, na mdomo wake, na jicho lake.

Kwa hiyo wino ndio uliomwongoza daktari. Wino ukidanganya, kisu kinakwenda kwa asiyehusika.

Mama Wembe alikuwa na utaratibu wake, nao aliutamka kimoyomoyo kila mara, kama mtu anayeanza kula: ngozi juu, wino, geuza. Kipande kikiwa ngozi juu kimekaa kama kilivyokuwa usoni, na kushoto ni kushoto. Ukishakigeuza ili ukigandishe, kushoto kumekuwa kulia. Ndiyo maana wino hutangulia. Miaka ishirini na miwili alikuwa hajapotoka hata mara moja, na alilijua hilo, na hakulificha sana.

Asubuhi moja mganga mkuu alileta wageni. Walikuwa sita, makoti meupe mapya yenye mikunjo ya kiwandani, wakasimama nje ya kioo cha chumba chake kama watu wanaotazama samaki.

"Huyu mama mnayemwona," alisema mganga mkuu kwa sauti ya kusikika, "hajawahi kukosea. Na mngejua kwao mngeelewa. Baba yake ndiye aliyekuwa mwisho wa maneno pale sokoni."

Kichwa kikamvimba kidogo. Nani asingevimba?

Mgonjwa wa kwanza siku hiyo alikuwa mtu wa kujulikana. Walimwita Refa. Alikuwa mwalimu wa michezo mstaafu, mtu mwenye ualbino, aliyechezesha mechi za shule na za mitaa kwa karibu miaka thelathini. Alikuwa na pama pana aliyonunuliwa na mkewe, lakini kila mechi ilipoanza aliivua akaitundika kwenye bendera ya kona, kwa kuwa watazamaji walimcheka. Jua likamla taratibu. Mabega yake yalikwishachongwa mara mbili, sikio mara moja. Sasa kidonda kilikuwa kati ya jicho la kushoto na pua, kikubwa kama punje ya hindi, kikavu juu, chenye ukingo ulioinuka. Na jicho la kushoto ndilo lililokuwa likiona. La kulia lilikuwa limemwachia ukungu tu, na ndilo lililomtoa uwanjani.

"Daktari," Mama Wembe alimsikia akisema kupitia kidirisha, "hiyo pua chukua utakavyo. Sikuwa mzuri tangu zamani. Lakini jicho hilo niachie. Watu wameniita kipofu miaka yote hiyo nikiwa naona. Wasije wakapata haki sasa."

"Refa leo analia mapema," daktari alimjibu. "Mpira haujaanza."

"Mimi huyu nimetoa kadi nyekundu za kutosha, baba. Najua mtu anavyojisikia akiona mkono unaingia mfukoni."

Nesi alicheka, daktari alicheka. Baada ya muda kipande kikaja kwenye kidirisha, juu ya shashi, na ramani yake pembeni. Buluu upande wa jicho, nyekundu upande wa pua. Chale ndogo ilionyesha upande wa paji la uso.

Kilikuwa kipande kibishi. Ngozi ya karibu na jicho ni laini kama ganda la kitunguu, nayo ilikuwa imejikunja kwa ndani. Nje ya kioo wale sita walikuwa wamesogea mpaka pumzi zao zikaweka ukungu. Mama Wembe aliona namna ya kuwaonyesha kazi. Alikigeuza kipande kwa kibanio, ngozi chini, akakibembeleza kwa ncha ya sindano, mkunjo mmoja, mkunjo wa pili, mpaka kikalala bapa kama karatasi iliyopigwa pasi. Mmoja wa wageni akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Ndipo Mama Wembe alipochovya vijiti vyake, akapaka buluu mkono wa kulia, nyekundu mkono wa kushoto, kama alivyopaka maelfu ya mara.

Isipokuwa safari hii kipande kilikuwa kimeshageuzwa.

Hakuhisi lolote. Alikigandisha, akakikata, akavitia vioo dawa, akavipeleka. Daktari aliinama kwenye hadubini, akazungusha kioo, akasema, "Ah. Bado upo. Kwenye nyekundu." Akarudi kwa Refa akaongeza kukata upande wa pua. Kipande cha pili kilikuja, na kwa hicho cha pili utaratibu ulifuatwa. Kilikuwa safi pembe zote. "Mechi imekwisha," daktari alimwambia Refa. Akavuta ngozi ya shavu, akafunika shimo, akashona nyuzi kumi na tisa.

Saa tisa alasiri wageni walikuwa wamekwenda zao. Mama Wembe alikuwa na desturi ya kuvipitia vioo vya siku kabla ya kuviweka kwenye droo, kuona kama rangi ilishika. Kusoma ugonjwa haikuwa kazi yake, lakini jicho la miaka ishirini na miwili husoma lenyewe. Aliweka kioo cha kwanza cha Refa chini ya hadubini. Rangi ilishika vizuri. Akakisogeza mpaka penye wino wa buluu, upande wa jicho.

Aliona tezi za mafuta. Zilikuwa kubwa, zimejaa, vishada kwa vishada.

Ngozi ya kona ya jicho haina tezi za namna hiyo. Pua ndiyo inayo. Akakisogeza kioo upande wa pili, penye nyekundu. Hapo ngozi ilikuwa nyembamba, vinyweleo vidogo vya malaika, na katikati yake, umegusa wino kabisa, ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa upande wa jicho. Daktari alikuwa amekata ngozi ya pua isiyo na kosa, kisha akafunika kila kitu kwa shavu.

Alinyanyua mikono yake akaitazama, wa kulia, kisha wa kushoto. Akaiona tena asubuhi yote: sindano, mkunjo, mgeni anayetikisa kichwa.

Refa alikuwa bado yupo. Hilo alilijua, kwa kuwa alisikia kikohozi chake kwenye korido. Alitoka akiwa na kile kioo mfukoni mwa koti. Daktari alikuwa chumbani kwake akiandika, mlango wazi, hatua kumi na mbili upande wa kushoto. Benchi lilikuwa upande wa kulia. Miguu ikampeleka kulia.

Refa alikaa peke yake, kiguo na bandeji vimefunika jicho la kushoto lote, pama juu ya magoti. Aligeuza uso kwenye mlio wa viatu.

"Nani huyo? Semeni, maana leo hata tembo akija simwoni."

"Ni mimi, mwalimu. Wa maabara. Wa chumba cha baridi."

"Ahaa! Wewe ndiye uliyekuwa unanikaanga huko ndani?"

"Ninagandisha, mwalimu. Sikaangi."

"Basi afadhali. Samaki aliyegandishwa hukaa zaidi." Akacheka, kisha akashika shavu kwa maumivu. "Mke wangu amekwenda kutafuta gari. Kaa, mama. Miaka yote hii nimekatwa humu, hakuna mtu wa huko ndani aliyewahi kutoka kuja kuniona nilivyo. Wananijua vipande tu."

Akanyoosha mkono kwenye ukungu wake. Mama Wembe akaupokea. Ulikuwa mkono mkavu, wenye madoa, na uliushika wake bila haraka.

"Nimepona, si ndiyo?" Refa aliuliza. "Daktari kaniambia, lakini madaktari wana maneno ya watu wa harusi. Wewe uliyekiona chenyewe niambie."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema, na alijua, wakati huohuo, kwamba ndipo. Daktari alikuwa hatua chache tu. Nyuzi zilikuwa mbichi. Lakini alisikia pia sauti ya mganga mkuu, na jina la baba yake, na akaona uso wa mama yake mbele ya kabati.

"Pumzika, mwalimu," alisema. "Usilowanishe bandeji."

"Haya. Hiyo nimeichukua kama ndiyo," alisema Refa.

Mkewe alifika, akamvisha pama, wakaondoka wameshikana, wakizozana kwa sauti ya chini kuhusu ngazi. Mama Wembe alibaki amekaa kwenye benchi mpaka mfagiaji alipomwomba anyanyue miguu.

Jioni alimwambia mama yake. Hakuweza kumeza chakula, na mama yake hakuwa mtu wa kudanganywa kwamba ni kichwa. Bibi kizee alikuwa na miaka themanini na moja, mwalimu mkuu wa zamani, mgongo wima, kitambaa cha kupangusia shaba mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, mama."

"Daktari alitazama kwenye chombo chake?"

"Alitazama."

"Amesomea kutazama?"

"Amesomea."

"Basi na yeye hakuona. Wewe ulipaka rangi, yeye ndiye alisoma. Kwa nini ujibebeshe mzigo wa watu wenye digrii tatu?"

"Mama, mtu atapoteza jicho."

"Atarudi kupimwa. Hukusema hurudi baada ya miezi mitatu? Wataona wenyewe, watakata wenyewe. Ugonjwa hurudi, hilo kila mtu anajua." Mama yake akaliweka jiwe alilokuwa akilisugua, akachukua la pili. "Nisikilize, binti yangu. Baba yako alikufa na jina moja tu. Hakuacha nyumba ya pili wala shamba, aliacha jina. Nalo si lako uligawe unavyotaka. Kaka yako anakula nalo ofisini kwake. Binti yako ameposwa na watu wa heshima, watu wanaoulizauliza. Kesho waambiwe nini? Kwamba kwa Mizani ndiko wanakogeuza kulia kuwa kushoto?"

"Baba angesema nini?"

Mama yake aligeuza jiwe, akasugua upande wa pili.

"Baba yako hayupo," alisema. "Mimi nipo. Kula."

Alikula. Siku ya pili alikwenda kazini, na ya tatu, na ya nne. Kioo hakukirudisha kwenye droo. Alikihamisha kutoka koti hadi mkoba, kutoka mkoba hadi chini ya nguo kabatini, kisha kikarudi kwenye koti. Kila kipande kilichoingia kidirishani alikikagua mara tatu, akatia wino, akakagua tena. Kazi ikazorota. Wagonjwa wakasinzia kwenye benchi.

"Mama Wembe, umeanza kuiogopa baridi?" daktari alimtania.

"Uzee, daktari."

"Uzee gani? Wewe ukizeeka, sisi tufungue mgahawa."

Mara mbili alisimama mlangoni kwake. Mara ya kwanza kulikuwa na mtu ndani. Mara ya pili hakukuwa na mtu, na alimwuliza kuhusu likizo.

Siku ya kumi na moja Refa alikuja kutolewa nyuzi. Mama Wembe alimsikia tangu mlango mkubwa, akimlaumu mlinzi kwa kusimama eneo la kuotea. Akajifungia ndani na kuwasha mashine ili isikike inafanya kazi. Baada ya nusu saa nesi akagonga.

"Mama Wembe, una mchumba huku. Refa amekataa kuondoka."

Alikuwa amesimama kwenye korido, bandeji imetoka, mstari mwekundu wa mshono ukishuka kutoka kona ya jicho hadi shavuni. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba kidogo, lakini lilikuwa wazi, na lilimwona. Lilimtazama kutoka miguuni hadi kichwani kwa furaha.

"Kumbe ndivyo ulivyo," alisema. "Mimi nilidhani mnene."

"Nimepungua, mwalimu."

"Nimekuletea kitu. Usikatae, nitakasirika, na mke wangu atakwambia nikikasirika nakuwaje."

"Ananuna kama ndama," alisema mkewe.

Refa akatoa mfukoni filimbi ya chuma, ya zamani, kamba yake ya manjano imechakaa pale iliposugua shingo. "Hii imechezesha fainali tisa. Wanangu wameiomba, nimewanyima. Lakini siku ile nilikaa hapo nikiogopa kama kuku, nikijifanya nacheka, na wewe uliacha kazi zako ukaja ukanishika mkono. Hukuwa na sababu. Basi ndiyo hiyo."

Akamwekea kiganjani, akakifunga kiganja kwa mikono yake miwili.

Mama Wembe hakusema ahsante. Aligeuka, akaenda moja kwa moja hatua zile kumi na mbili, akaingia kwa daktari bila kugonga. Akaweka kioo juu ya karatasi alizokuwa akiandika.

"Kile kipande cha kwanza cha Refa nilikigeuza kabla ya kutia wino," alisema. "Nyekundu ndiyo jicho. Nilijua siku ileile, saa tisa, akiwa bado benchini."

Daktari hakuinua kichwa. Alikichukua kioo akakiweka kwenye hadubini ya mezani. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Tezi," alisema. "Tezi zote hizi, na mimi sikuziona." Kisha akasema, "Saa tisa?"

"Saa tisa."

"Saa tisa ningefungua nyuzi chache tu, shimo ningelikuta kama nilivyoliacha, ramani ninayo mkononi. Leo shavu limehama. Limeshika. Ule ukingo haupo tena, mama. Haupo popote. Nitakata kwa kubahatisha, na anayebahatisha hukata pana."

"Najua."

"Unajua," alisema daktari. Akatoka kwenda kumzuia Refa asipande gari.

Walimkata tena baada ya siku mbili. Mtaalamu mwingine aliitwa kutoka hospitali ya mbali kushika wino. Duru ya kwanza ilichukua kona ya jicho na mfereji wa machozi. Ya pili ilichukua nusu ya ukope wa chini. Ya tatu ilikuta uzi mmoja wa ugonjwa umepenya nyuma, ndani ya tundu la jicho, na duru ya nne ikawa si ya daktari wa ngozi tena. Wiki iliyofuata madaktari wa macho waliliondoa jicho.

"Labda lingekwenda hata kama ungesema siku ile," daktari alimwambia Mama Wembe. "Labda lisingekwenda. Sasa hakuna mtu duniani wa kumwambia."

Palikuwa na kikao. Daktari alisema mbele ya mganga mkuu kwamba makosa yalikuwa mawili na moja lilikuwa lake, akaandikiwa onyo. Mama Wembe aliulizwa maswali sita akayajibu yote bila kuzungusha. Waliondoa ufunguo wa chumba cha baridi kwenye shada lake, wakamhamishia dirisha la mapokezi. Ukutani juu ya mashine ilibandikwa karatasi: atiaye wino aseme kwa sauti, ngozi juu, wino, geuza, na mwenzake aitikie.

Alikwenda kumwona Refa wodini kabla hajatoka. Hakuna aliyemtuma. Refa alikuwa amekaa kitandani, kichwa kimezungushiwa bandeji, uso umeelekea dirisha lenye mwanga. Mkewe alimwona Mama Wembe, akasimama, akatoka nje bila salamu.

"Ni nani?"

"Ni mimi, mwalimu."

Chini, uani, mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Daktari amenieleza," alisema Refa. "Amenieleza habari ya kugeuza, amenichorea mpaka kwenye kiganja ili nielewe. Nimeelewa. Hata mimi nimekataa mabao halali, nimetoa penalti za uongo, huku nikiwa naona. Kugeuza nakuelewa."

"Nisamehe, mwalimu."

"Subiri. Sijamaliza. Ile ya benchi siielewi. Nilikuuliza. Nilikuuliza mwenyewe, nikiwa nimekushika mkono."

"Uliniuliza."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Basi nirudishie filimbi yangu."

Ilikuwa mfukoni. Alikuwa nayo kila siku tangu apewe, asijue pa kuiweka. Aliiweka kwenye kiganja cha Refa. Yeye akaipapasa, akaizungusha kamba kwenye vidole mpaka akafika pale palipochakaa, kisha akaiingiza chini ya mto.

"Funga mlango ukitoka," alisema. "Kuna upepo."

Nyumbani mama yake aliwaambia majirani kwamba binti yake amepumzishwa kazi nzito kwa sababu ya umri. Kaka yake alikaa mwezi mzima bila kupiga simu. Wale watu wa heshima waliomposa binti yake waliuliza, wakaambiwa ukweli na Mama Wembe mwenyewe, sebuleni, mbele ya kabati, huku mama yake akitazama ukuta. Wakaomba muda wa kufikiri. Bado wanafikiri. Yale mawe bibi kizee aliendelea kuyasugua kila Jumamosi, lakini wageni wakija, sasa yeye huteremsha pazia la kabati.

Kila baada ya miezi mitatu Refa huja kupimwa. Mkewe humkalisha kwenye kiti cha kwanza, pama magotini, filimbi shingoni. Zamu yake ikifika, Mama Wembe huinamia dirisha la mapokezi na kuita namba yake kwa sauti isiyotetemeka, kama inavyotakiwa.

Refa huisikia sauti hiyo, na hainuki. Hungoja mpaka nesi atoke ndani na kuiita tena.